Wivu wangu kwa dada wa Tanga aliyekuja kutunyoosha ofisini Kahama, na neno MARUDIO lililotaka kutuumbua

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Niseme mapema, huu si uzi wa kujifanya mwema. Naandika nikiwa bado nina wivu, na mhusika mwenyewe yupo meza ya pili kutoka hapa nilipo, anakunywa chai ya tangawizi kwenye kikombe chake chenye maua. Yote ni kweli tupu. Nimebadilisha majina tu, maana mji wetu huu ukikohoa asubuhi, mchana unaulizwa kikohozi kimepona.

Mnaopenda kusema "fupisha mkuu" tangulieni tu, tutakutana chini.

Mimi ni programmer, nipo Kahama. Najua kuna mtu yuko Dar ameshatabasamu hapo. Tabasamu, lakini huku kuna hela na kuna kazi, ninyi endeleeni kugombania tenda moja watu mia.

Ofisi yetu ni ndogo, iko juu ya duka la pembejeo, kwa hiyo mwaka mzima tunanukia dawa ya pamba. Tunatengeneza mifumo ya maduka, ya maghala ya mpunga, na hasa ya wenye makarasha huko machimboni. Karasha, kwa asiyejua, ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

Bosi wetu nitamwita Bwana Shija. Mimi niiteni Masanja. Nipo na Bwana Shija tangu ofisi ina laptop moja tunapokezana kama jembe.

Sasa nielezeni, kuna raha gani duniani kama kuitwa fundi?

Simu inaita. "Fundi Masanja, mfumo umegoma!" Napanda gari, nafika Buseresere, duka limejaa wateja, mwenye duka Mama Editha ameshika kichwa. Nakaa kwenye kompyuta, nafungua code, yale maandishi yanayouendesha mfumo, palepale, nagusa hapa, nagusa pale, mfumo unaamka. Duka zima linapumua.

Mama Editha anasema, "Huyu kijana Mungu ambariki." Nachinjiwa kuku. Narudi Kahama na gunia la viazi, na abiria wenzangu wananiangalia kama mtu mwenye shamba.

Nyarugusu hivyohivyo. Segese hivyohivyo, tena Segese ndiko kwetu, mama yangu yuko kule. Nilikuwa najulikana barabara nzima.

Kuhusu utaratibu, ulikuwepo. Uko kichwani mwangu. Kwenye laptop nilikuwa na folda inaitwa "mfumo mpya", nyingine "mfumo mpya mwisho", nyingine "mwisho kabisa", na moja inaitwa "USIGUSE". Hiyo USIGUSE ndiyo iliyokuwa inafanya kazi kwa wateja. Msicheke, wengi wenu mnayo.

Basi, siku hiyo Bwana Shija akaingia na dada mmoja, mrefu, kajitanda mtandio wa rangi ya zambarau, anatembea taratibu kama hana haraka na dunia.

Akasema, "Jamani, huyu anaitwa Rehema, ametokea Tanga, amefanya kazi kampuni moja kubwa Dar, mume wake kahamishiwa huku. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwenyeji mwenyewe ndiye mimi. Na sikuwa naumwa.

Rehema akasalimia kila mtu, akakaa, akaomba aoneshwe tunavyofanya kazi. Nikamwonesha kwa mbwembwe zote. Nikafungua USIGUSE, nikabadilisha kitu kwenye mfumo wa mteja wa Segese akiangalia, live, huku mteja anauza. Nikageuka kumwangalia, nikitegemea makofi.

Akaniuliza kwa ule upole wao wa pwani, "Kaka Masanja, na ukikosea tunarudi vipi?"

Nikamwambia, "Sikosei."

Akasema, "Alhamdulillah. Na ukikosea?"

Wakuu, hapo ndipo kijiba cha roho kilipoanza. Mpaka leo sijui kama kimetoka.

Nisiwachoshe na kila alichokileta. Kwa ufupi, code yote ikawekwa sehemu moja, yenye kumbukumbu ya nani kabadilisha nini na lini. Ikawa marufuku kugusa mfumo wa mteja moja kwa moja, unajaribu kwanza kwenye nakala. Kila unachoandika lazima mwenzako akisome na aweke jina lake ndipo kitoke. Na kukawa na test, yaani programu ndogo zinazopima programu kubwa, zikifaulu zinawaka kijani, zikifeli nyekundu.

Pia akasema Ijumaa hatupeleki kitu kwa mteja.

Nikasema moyoni, haya ndiyo mambo ya swala yameanza. Nikanung'unika kwa Bwana Shija kwamba ofisi inageuzwa msikiti. Kumbe maana yake ni kwamba ukipeleka Ijumaa kikaharibika Jumamosi, hakuna mtu ofisini wa kukishika. Bwana Shija alinieleza hivyo mbele ya watu. Rehema alitabasamu kidogo tu, na lile tabasamu liliniumiza kuliko kutukanwa.

Halafu kukawa na comments zake. Nikiandika code, anaisoma, anaacha maswali pembeni. "Kaka Masanja, hapa mtu akiacha wazi itakuwaje?" Namjibu, "Haitatokea." Anaandika, "Ikitokea?"

"Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi?" Haitatokea. "Ikitokea?"

Hilo neno "ikitokea" lilinifuata mpaka nyumbani. Mke wangu akiniuliza kama mvua itanyesha, namwambia haitanyesha, naisikia sauti ya Tanga: ikitokea?

Na Bwana Shija sasa, Mungu wangu! Kila kikao "tuige mfano wa Rehema". Mfumo wa ghala umekaa vizuri, "hongera Rehema". Hata mtandao ukiwa na kasi siku hiyo, anamwangalia Rehema kana kwamba kaunyoosha waya kwa mikono yake.

Lakini kilichoniuma zaidi ni simu.

Simu yangu ilianza kunyamaza. Mwanzoni nilidhani ni mtandao. Nikazima, nikawasha. Kimya. Mama Editha wa Buseresere, ambaye haikuwa inapita wiki bila kunipigia, kimya.

Nikaona nimpigie mimi. "Mama shikamoo, mfumo unasemaje huko?"

"Marahaba baba. Mfumo mzima tu, haujasumbua. Kwani kuna tatizo?"

"Hapana mama, nasalimia tu."

"Haya baba, nina wateja."

Akakata.

Nilikaa na ile simu mkononi kama mtu aliyeachwa stendi. Sijui kama mnanielewa. Mfumo wake ulikuwa mzima kwa sababu code yangu ilisomwa na Rehema kabla haijaenda. Kila shimo alilokuwa anaziba lilikuwa ni safari yangu moja ya Buseresere. Dada alikuwa ananinyima kuku.

Basi ikaja kazi kubwa ya Mama Minza.

Mama Minza ana makarasha na mialo pale Nyarugusu. Mwalo ni pale mahali pa kuoshea mchanga uliosagwa ili dhahabu ibaki. Huyu mama ndiye mteja wetu mkubwa kuliko wote, akiondoka sisi tunashuka chini kuuza mbegu. Alikuwa anatumia mfumo niliomtengenezea mimi miaka ya nyuma, na sasa alitaka mpya.

Bwana Shija akatutangazia wote, "Mfumo wa Mama Minza ukisimama bila aibu, nitamtangaza mkuu wa ufundi wa ofisi hii." Akaniangalia mimi. Kisha akamwangalia Rehema. Kwa nini alimwangalia na Rehema? Hiyo ndiyo iliyonikosesha amani.

Maana mimi cheo kile nilishakihesabu changu. Tena, wakuu, nilishamwambia mama yangu Segese kwamba nimekuwa mkuu wa ufundi. Na mama alishawatangazia kwaya nzima. Nikimpigia anaitikia, "Mkuu, hujambo?" Sasa rudi umwambie mama kwamba cheo kimekwenda Tanga.

Kazi ikagawanywa. Mimi nikapewa sehemu ya kupokea mizigo. Rehema akapewa kuhamisha taarifa zote za zamani kutoka mfumo wangu kwenda mpya. Mimi namsoma yeye, yeye ananisoma mimi.

Yake ikaja mezani kwangu nisome.

Hapo niseme ukweli mwingine. Sikuisoma kama mtu anayesaidia. Niliisoma kama mke mwenza anayekagua chungu cha mwenzake. Nilitaka nywele, nilitaka jiwe, nilitaka chochote.

Sikupata. Code imenyooka kama nywele zilizosukwa na fundi, mistari inafuatana, majina yanaeleweka, test kila kona, zote kijani. Nilisoma asubuhi nzima huku roho inaniuma. Nikawa natafuta hata herufi iliyokosewa. Hakuna! Huyu mtu kazaliwa na nani?

Nikarudia tena toka juu.

Mara ya pili ndipo nikakiona. Kuna sehemu ameandika, nami nawapa kama ilivyo: "ondoa marudio". Na chini yake test inayohakikisha kwamba baada ya kuhamisha, marudio yaliyobaki ni sifuri.

Test ilikuwa kijani. Kijani kama mpunga wa Januari.

Wakuu, kwa wasio wa kanda hii nieleze. Kwa Kiswahili cha Tanga na cha vitabuni, marudio ni kitu kilichojirudia. Kwa Kiswahili cha machimbo, marudio ni mchanga unaobaki baada ya kuosha mara ya kwanza. Unaonekana uchafu, umerundikwa tu nyuma ya uzio, lakini ndani bado kuna dhahabu. Watu wanakwenda kuuchenjua tena kwa dawa, na wengine wamejenga maghorofa kwa marudio peke yake.

Kwenye mfumo wangu wa zamani kila mzigo ulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ni mawe yalivyoingia, wa pili ni rundo lililobaki. Namba ileile, jina la mwenye mzigo lilelile, tofauti ni alama moja tu niliyoiandika "marudio". Rehema alipoona mistari miwili inayofanana, na mmoja umeandikwa marudio, akasema ahaa, hawa waliingiza mara mbili, ngoja nisafishe.

Alikuwa anaenda kufuta marundo yote ya pale kwa Mama Minza. Kesho yake hakuna anayejua rundo lipi la nani. Najua mtasema backup, yaani nakala ya akiba, ipo. Ipo, aliiweka Rehema huyohuyo. Lakini mchimbaji ukimwambia rundo lake halina jina, huwezi kumtuliza kwa neno backup. Watu wangeshikana mashati kabla chai haijachemka, na Mama Minza angetufukuza siku hiyohiyo.

Nilicheka peke yangu. Nilicheka mpaka Bwana Shija akachungulia, "Masanja, kulikoni?"

Nikamwambia, "Hamna bosi, video."

Nikatoka nikaenda kula. Nikaagiza ugali na sato, nikawa nawaza huku nachambua miiba.

Nikinyamaza, siku ya uzinduzi Nyarugusu anaumbuka mbele ya Mama Minza na umati wote. Mimi najitokeza, nafungua laptop, nagusa hapa, nagusa pale. Fundi Masanja karudi. Cheo hicho. Niliiona picha nzima pale mezani, mpaka sato akapoa.

Lakini kukawa na kitu kinanikera kwenye picha ile. Kwenye utaratibu wake huo, msomaji anaweka jina. Ikiharibika, watu watafungua waone, imeandikwa na Rehema, imesomwa na MASANJA. Masanja wa Segese, mtoto wa machimbo, hajui marudio? Watu wa Nyarugusu wangenicheka mpaka nihame mkoa. Yule dada alikuwa amenifunga kamba bila kujua.

Na kuna la pili, hili ndilo lilinisukuma. Nilitaka iandikwe. Nilitaka ibaki kwenye kumbukumbu milele kwamba aliyeiona ni mimi.

Nikarudi ofisini mbio. Nikaandika comment ndefu kuliko uzi huu, kwa herufi kubwa. "DADA REHEMA, MARUDIO SIYO UCHAFU WA DATABASE. MARUDIO NI MALI ZA WATU." Nikaendelea hapo, nikamalizia, "HUKU SIYO TANGA." Nikabonyeza, nikajiegemeza nyuma, nikasubiri.

Dakika zikapita. Nikasikia kiti kinavutwa. Akaja mpaka mezani kwangu.

"Kaka, marudio si mistari iliyojirudia?"

"Dada, marudio ni mchanga."

Ofisi ikapasuka kicheko, mimi nikiongoza. Nikaongeza kwamba Kiswahili cha pwani kimefika mwisho wa reli.

Yeye hakucheka. Akasema taratibu, "Mimi ningejua wapi, kaka? Hujaandika popote."

Nikafungua USIGUSE kuhakikisha. Ni kweli, code yangu yote ya zamani haikuwa na mstari hata mmoja wa maelezo. Maelezo yalikuwa kichwani, na kichwa nilikuwa natembea nacho.

Akasema, "Nipeleke nikayaone hayo marudio."

Tukaenda. Na hapo, wakuu, nilipata siku yangu. Kushuka tu Nyarugusu, "Masanja! Masanja huyoo!" Waendesha karasha wananipungia wamejaa vumbi, mama ntilie ananiuliza mbona nimepotea. Nikamwamkia Mama Minza kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu!" naye akanijibu na kunishika mikono miwili. Rehema amesimama nyuma yangu, ameshika mkoba, viatu vimeshazama kwenye tope.

Mama Minza akauliza, "Na huyu mgeni wako ni nani?"

Mgeni wangu. Nilifurahi kweli.

Tukaenda nyuma ya uzio. Marundo yamejipanga, kila moja lina kibao cha namba tu, jina la mwenyewe liko kwenye mfumo. Rehema akachuchumaa, akashika ule mchanga, akausugua kwenye vidole. Mama Minza akamwambia, "Binti, unaona huu mchanga? Mawe ni ya watu, yanapita tu. Fungu langu kwenye haya marudio ndilo limenisomeshea watoto."

Rehema akatoa simu akaanza kuuliza maneno. Hiki mnakiitaje? Na hiki? Mtu akisema "duara limetema" maana yake nini? Mama Minza anacheka, anaeleza, kwamba shimo limeanza kutoa mawe yenye dhahabu. Mwisho wake wamekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa wanaongea kama shoga wa siku nyingi, na mimi nimebaki nimesimama na chupa ya maji. Safari niliyoipanga kwa ajili ya kuonewa fahari ikawa tena ya Rehema.

Tuliporudi akaandika maneno yote yale ukurasa mmoja, maana zake na mifano, akaubandika mbele kabisa ya code. Mteja anaposema hiki, anamaanisha hiki. Akanipa mimi nisome. Nikamkosoa neno moja, kwa raha zangu.

Akarekebisha na test yake. Sasa inahakikisha marudio yote yamefika, na kila rundo lina jina la mwenyewe. Ikawaka nyekundu kwanza, kisha kijani.

Halafu akamwita Mama Minza ofisini aujaribu mfumo kwenye nakala kabla ya siku yenyewe. Mimi nilikuwa sijawahi kumwita mteja ajaribu kitu. Mteja nilikuwa namfuata akishalia.

Siku ya uzinduzi ikafika. Mimi nimevaa shati jipya, nimebeba laptop, chaji, waya wa akiba, kila kitu. Nasubiri kitu kiharibike ili nijitokeze.

Asubuhi ikapita. Viroba vya mawe vinaingia, vinasajiliwa. Mchana, hamna kitu. Umeme ukakatika! Nikasimama. Jenereta likawashwa, mfumo ukaendelea pale ulipoishia, maana Rehema alishanilazimisha nikiandalie "ikitokea" hicho. Nikakaa.

Jioni tukaagwa. Mama Minza akamshika Bwana Shija mkono, akamwambia mbele yangu, kwa mapenzi kabisa, wala hakuwa na nia mbaya:

"Shija, mfumo wa huyu binti hauna kelele. Masanja tulikuwa tunampenda mwenyewe. Mfumo wake tulikuwa tunauvumilia."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Wakuu, mmeshawahi kucheka huku mnatafuta pa kujificha?

Kumbe yale mapokezi yote, kuku, viazi, "fundi Mungu akubariki", walikuwa wanapokea mtu wa kuja kuwatoa kwenye shida niliyowaletea mwenyewe. Njia nzima kurudi Kahama nikawa nawahesabu wale kuku.

Wiki iliyofuata Bwana Shija akatangaza. Mkuu wa ufundi, Rehema.

Nikamfuata ofisini kwake. Nikamuuliza, "Bosi, marudio aliyaona nani?"

Akasema, "Wewe. Na nani alikuwekea utaratibu wa kuyaona kabla hayajafika Nyarugusu?"

Nikatoka, nikaanza kutafuta kazi kwenye simu. Kweli kabisa, nilitaka kuondoka.

Rehema akanifuata kwenye ngazi, pale kwenye harufu ya dawa ya pamba. Nikajua anakuja kunipa pole. Ningemtukana.

Akasema, "Kaka Masanja, ulipoandika yale maneno kwa herufi kubwa nililia chooni. Lakini kilichoniliza si kosa. Niliona hata nifanye nini, hawa watu hawatanijua kama wanavyokujua wewe. Umeona Nyarugusu? Mimi nilikuwa mgeni wako. Nakuonea wivu, kaka. Toka siku ya kwanza. Unadhani kwa nini code yako naisoma vile? Natafuta pa kukushika."

Niwaambie kitu? Sijawahi kuambiwa maneno matamu namna ile. Hata mke wangu siku ya harusi hakunifikia pale. Kumbe zile "ikitokea" zote hazikuwa ubora wala mambo ya kitabuni, zilikuwa kijicho kama changu tu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo unanichunguza kwa wivu?"

"Kwa wivu kabisa, wallahi."

"Basi na mimi nitaendelea."

"Endelea," akasema. "Nimeshaandika kwamba hakuna kinachotoka ofisi hii bila wewe kukisoma."

Sikuondoka.

Siku hizi kusomana code ofisini hatuiti review, tunaita marudio. "Umeshapitisha marudio?" Maana ukishaosha mara ya kwanza unadhani umemaliza, kumbe dhahabu bado imo, na mawe pia yamo. Nimemzuia makosa kadhaa mabaya. Yeye kanizuia mengi zaidi, namba sitaji.

Nilichojifunza, kwa wenye ofisi ndogo kama yetu. Utaratibu si mambo ya makampuni ya Dar yenye lifti, hata mkiwa wawili mnaweza kusomana. Test inaweza kuwaka kijani na bado ikawa imepima kwa ufasaha kitu ambacho sicho, kwa hiyo nendeni mkashike mchanga wa mteja kwa mikono, mjue maneno yake. Andikeni mnayoyajua, msitembee nayo kichwani. Na kama ofisini kuna mtu anakuonea wivu, mpe code yako aisome, hakuna atakayeikagua vizuri kumzidi yeye.

Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi nimepewa kazi.

Mama yangu bado ananiita mkuu. Sijamsahihisha, na ninyi msije mkampelekea huu uzi.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Asubuhi simu yangu iliita. Mama Editha wa Buseresere! Niliruka, nikashika laptop kwa mkono mmoja, nikapokea, "Mama shikamoo, mfumo umegoma?"

"Marahaba baba. Haujagoma, mzima kabisa. Nina kuku hapa, nilitaka namba ya yule dada anayeukagua, Shija kanisimulia habari zake, nimshukuru."

Nikamwambia, sawa mama, naituma sasa hivi.

Jua linazama hapa Kahama na sijaituma. Rehema anafunga mkoba wake, ananiuliza mbona naandika sana leo.

Wakuu, niitume au nisingizie mtandao? Dondosheni mawazo yenu hapa chini, na wenye folda ya USIGUSE mjitaje.